Wawili Upande Mmoja wa Wavu: Safari ya Greysia Polii

Mazungumzo yangu ya leo yanamhusu mwanamke wa Indonesia aitwaye Greysia Polii, mcheza mpira wa vinyoya, mchezo ambao wengi wetu tunauita badminton. Huyu dada hakujulikana kwa kucheza peke yake. Jina lake lilijengwa na mchezo wa wawili wawili, wanawake wawili upande huu wa wavu na wengine wawili upande wa pili. Tarehe 2 Agosti 2021, mjini Tokyo, zikiwa zimebaki siku tisa tu atimize miaka 34, alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Miaka tisa nyuma, katika Olimpiki ya London, alikuwa amefukuzwa mashindanoni dunia nzima ikitazama.

Ninachotaka kusema leo kimo ndani ya miaka hiyo tisa. Dhahabu ile ilipatikana kwa sababu wapo watu waliokataa kumwacha mchezaji alipoanguka, na walipoona amebaki peke yake wakamtafutia mwenzake. Nalisema hili nikiwafikiria mabinti wa Saadani na vijiji jirani, huku kwetu pwani kaskazini mwa Bagamoyo, ambao tunawapoteza michezoni wakiwa na miaka 14 au 15, na hatuendi kuwatafuta.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Uwanja wa wawili una urefu wa meta 13.4 na upana wa meta 6.1. Wavu una kimo cha meta 1.55 penye nguzo. Kinyoya chenyewe kina manyoya 16 ya bata au bata bukini yaliyochomekwa kwenye kizibo, na uzito wake haufiki hata gramu sita. Ukikipiga kwa nguvu kinaondoka kama risasi, kisha manyoya yanakamata hewa na kasi inaisha ghafla. Kwa kawaida anayetangulia kufikisha pointi 21 amechukua seti, na anayechukua seti mbili ameshinda.

Wanawake wanapocheza wawili wawili, kinyoya hukaa hewani muda mrefu. Ulinzi wao ni mgumu kuupenya, kwa hiyo pointi moja inaweza kupiganiwa mapigo hamsini, sitini, na zaidi. Wanaposhambulia, mmoja husimama nyuma akishusha mapigo mazito na mwingine hukaa mbele karibu na wavu akingoja kumalizia. Wakishambuliwa, wanasimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja na nusu yake. Kubadilika kutoka mpangilio huu kwenda ule hakuna muda wa kuambiana. Na pale katikati, kwenye mstari unaowagawa, ndipo kinyoya kinapopelekwa na kila mpinzani mwenye akili, maana hapo kila mmoja anadhani mwenzake atakipiga. Jozi ambayo haijakaa pamoja muda wa kutosha hufia hapo katikati. Hakuna kipaji cha mtu mmoja kinachoweza kuliziba pengo hilo. Linazibwa na miaka ya kucheza bega kwa bega.

Greysia alizaliwa Jakarta tarehe 11 Agosti 1987, katika familia yenye asili ya Minahasa, kaskazini mwa kisiwa cha Sulawesi. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo sana. Alilelewa huko Sulawesi na mama na ndugu zake wakubwa, na mama huyo ndiye aliyekubali kurudi naye Jakarta ili binti apate klabu na walimu wa kumfundisha. Mwaka 2004, akiwa na miaka 16, aliitwa kwenye timu ya taifa iliyocheza Kombe la Uber, ambalo ndilo kombe la dunia la timu za wanawake katika mchezo huu. Indonesia ni nchi inayoupenda mpira wa vinyoya kama sisi tunavyozipenda Simba na Yanga, kwa hiyo binti wa miaka 16 kuvaa jezi ile lilikuwa jambo zito.

Sasa tufike London, mwaka 2012. Greysia alikuwa akicheza na Meiliana Jauhari. Mwaka ule Olimpiki iliweka makundi katika mchezo huu, na ikatokea jozi moja kali ya China ikamaliza ya pili katika kundi lake bila kutarajiwa. Jozi nyingine zikapiga hesabu: nikishinda mechi yangu ya mwisho nitakutana na jabali mapema, nikishindwa nitapata njia nyepesi. Usiku wa tarehe 31 Julai, katika ukumbi wa Wembley Arena, watazamaji walioingia kwa tiketi zao waliona mabingwa wakipiga vinyoya wavuni makusudi, wakianzisha mpira vibaya makusudi, kila upande ukigombea kushindwa. Watu walizomea. Mwamuzi alionya. Siku iliyofuata Shirikisho la Badminton la Dunia liliwafukuza wachezaji wanane: wawili wa China, wanne wa Korea Kusini, na wawili wa Indonesia, Greysia na Meiliana.

Sitamtetea kwa hilo. Aliyelipa nauli na tiketi alistahili kuona mchezo wa haki, na mchezaji mwenye jezi ya taifa hana ruhusa ya kutafuta kushindwa. Ila kosa lile lilikuwa na wazazi wengi. Walikuwapo waliotunga utaratibu unaompa faida anayeshindwa, na utaratibu huo ulirekebishwa kabla ya Olimpiki iliyofuata. Adhabu yenyewe ilibebwa na wasichana. Greysia alikuwa na miaka 24, na kwa umri huo, katika nchi yenye chipukizi wengi kama Indonesia, kumweka kando na kumsahau lingekuwa jambo rahisi kabisa. Naye mwenyewe alifikiria kuacha.

Hakuachwa. Alirudishwa uwanjani na mwenza mwingine, Nitya Krishinda Maheswari. Mwaka 2014, Incheon, Korea Kusini, wawili hao walitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia. Mwaka 2015 walipata medali ya shaba ya dunia. Mwaka 2016 wakaenda Olimpiki ya Rio wakiwa na matumaini makubwa, wakatolewa robo fainali na jozi ya China ambayo mmoja wao, Yu Yang, alikuwa pia kati ya wale wanane wa London. Baada ya Rio, goti la Nitya likahitaji kupasuliwa. Greysia akabaki bila mwenza, miaka ikikaribia 30, na katika mchezo wa wawili mtu asiye na mwenza hana mechi ya kucheza, hata awe hodari namna gani.

Kocha wake, Eng Hian, alimwomba asiondoke. Alimtaka abaki awasaidie wadogo kukua. Ndipo mwaka 2017 akapangiwa binti wa miaka 19 anayeitwa Apriyani Rahayu. Tofauti yao ya umri inakaribia miaka 11, umri wa dada mkubwa na kitinda mimba wa nyumba moja.

Hapa nitakaa kidogo, maana habari ya Apriyani ndiyo inayonigusa zaidi nikiufikiria ufukwe wetu. Binti huyu alizaliwa tarehe 29 Aprili 1998 huko Konawe, kusini-mashariki mwa Sulawesi, mbali na Jakarta na kumbi zake. Alipoanza kupenda mchezo huu utotoni, baba yake alimtengenezea raketi ya mbao, na nyuzi zake zilikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Wavuvi wa Saadani mnanielewa. Ule mshipi wa naylon mnaoufunga ndoana ndio uliofanya kazi ya nyuzi ambazo wachezaji wakubwa hununuliwa na makampuni. Kwa raketi ya namna hiyo alijifunza kulenga, kisha akaanza kushinda mashindano ya watoto wa kwao, na baadaye akavuka bahari kwenda Jakarta kulelewa katika kituo cha Icuk Sugiarto, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1983. Mwaka 2015 mama yake alifariki, naye akiwa ugenini kwenye mashindano ya vijana. Huyo ndiye aliyekabidhiwa kwa Greysia: mtoto wa kijijini, mwenye nguvu nyingi na huzuni yake moyoni, akihitaji mtu wa kumwongoza.

Mwaka wao wa kwanza pamoja, 2017, wakashinda mashindano ya wazi ya Thailand na yale ya Ufaransa. Wakapata shaba ya dunia mwaka 2018, wakaipata tena 2019. Greysia alikuwa amekusudia kumalizia na Olimpiki ya 2020, lakini korona ikaisogeza mbele mwaka mzima. Mwishoni mwa 2020 alifunga ndoa, na katika kipindi hichohicho akampoteza kaka yake, ambaye kwake alikuwa amesimama mahali pa baba. Angeweza kusema basi, yametosha. Alirudi mazoezini.

Tokyo haikuwa na watazamaji. Kumbi zilikuwa tupu kwa sababu ya ugonjwa. Greysia na Apriyani hawakuwa hata kwenye orodha ya jozi zilizopewa nafasi ya juu kabla ya mashindano. Kwenye kundi lao wakawafunga Wajapani Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, Hirota akicheza na goti lililofungwa kifaa cha kulishikilia. Robo fainali wakaitoa jozi ya China, nusu fainali wakaitoa jozi ya Korea Kusini. Fainali wakakutana na Chen Qingchen na Jia Yifan wa China, mabingwa wa dunia wa mwaka 2017.

Katika fainali hiyo lipo tukio ambalo ningependa kila mwalimu wa michezo alitazame pamoja na wanafunzi wake. Kinyoya kikiwa hewani, mapigo yakiendelea, uzi wa raketi ya Greysia ulikatika. Raketi iliyokatika uzi haipigi chochote cha maana. Alikimbia nje ya uwanja hadi kwenye mikoba yao, akanyakua nyingine, akarudi mbio. Kwa muda huo Apriyani alikuwa peke yake dhidi ya mabingwa wawili, akiulinda uwanja mzima wa watu wawili. Alihimili mpaka dada yake akarudi, na pointi ile wakaichukua wao. Apriyani alijua mwenzake anarudi. Kujua kwa namna hiyo hakufundishwi kwenye kambi ya wiki mbili kabla ya mashindano.

Walishinda 21-19 na 21-15. Tangu mchezo wa wanawake wawili wawili uingie Olimpiki mwaka 1992 huko Barcelona, dhahabu yake ilikuwa imekwenda Korea Kusini mara moja, China mara tano mfululizo, na Japani mara moja. Indonesia, pamoja na historia yake yote, ilikuwa haijawahi kuigusa. Kule Konawe mkuu wa wilaya alimwahidi Apriyani ng'ombe watano, nyumba na kiwanja. Wasikilizaji wafugaji wataona kuwa wale nao wanajua zawadi yenye heshima.

Mwishoni mwa 2021 wachezaji wenzake wa dunia walimchagua Greysia kuingia Kamisheni ya Wachezaji ya shirikisho lilelile lililomfukuza London, na akawa mwenyekiti wake. Tarehe 12 Juni 2022, katika ukumbi wa Istora pale Jakarta, aliagwa rasmi. Apriyani aliendelea na mwenza mpya, Siti Fadia Silva Ramadhanti, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kumwongoza mwenzake. Mwaka 2022 wakashinda mashindano ya wazi ya Malaysia na ya Singapore.

Kuna atakayeniambia, ndugu mtangazaji, hao ni Waindonesia, sisi na mpira wa vinyoya wapi na wapi? Namwomba avuke Ziwa Victoria tu. Februari 2024, mjini Cairo, timu ya wanawake ya Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika, ikiwa na wachezaji kama Husina Kobugabe, Gladys Mbabazi na Fadilah Mohamed Rafi. Kwa ubingwa huo wakaenda Chengdu, China, kucheza Kombe la Uber, wakapangwa kundi moja na Japani, Hong Kong na Indonesia, Indonesia hiyohiyo ya Apriyani. Walifungwa, na walifungwa sawasawa. Lakini mabinti wa Afrika Mashariki walisimama upande wa pili wa wavu dhidi ya timu iliyokwenda hadi fainali ya kombe lile. Hawakufika pale kwa bahati. Wengine kati yao wamekuwa wakicheza pamoja kwa miaka mingi, na jirani zetu walivumilia vipigo vyao vya mwanzo bila kuivunja timu.

Na kwetu wapo mabinti waliokwishaonyesha kwamba dunia si mbali. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka la wasichana chini ya miaka 17 huko India. Medali zetu za Olimpiki bado ni zile mbili za fedha za Moscow mwaka 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Hakuna mwanamke wa Tanzania aliyewahi kupanda kwenye jukwaa lile.

Sasa Saadani. Hiki ni kijiji cha pwani, bandari ya zamani ya misafara, nyumbani kwa Bwana Heri aliyewasumbua Wajerumani, leo kikiwa kimepakana na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005. Watoto wa kike hapa wanacheza rede na netiboli, na ukiwatazama wakicheza rede utaona kila kinachotakiwa: macho yanayofuata kitu kinachoruka, mwili unaopinda upesi, na uamuzi wa haraka. Kipaji kipo. Kinachokosekana ni kile alichopewa Greysia, yaani mwenza wa kudumu na watu wa kumrudisha.

Binti wa kwetu anacheza vizuri mpaka darasa la saba. Rafiki yake aliyezoeana naye anapangiwa sekondari nyingine, au hapangiwi kabisa. Jozi imevunjika. Saa kumi jioni, muda wa mazoezi, ndiyo saa ya kuchota maji, kupika, na kupokea samaki wanaoingia. Kaka yake yuko uwanjani na hakuna anayemwita. Binti akikosa mazoezi mara tatu jina lake linafutwa, na akipata ujauzito ndiyo kabisa hatajwi tena. Novemba 2021, miezi mitatu baada ya fainali ya Tokyo, serikali yetu iliwafungulia mlango mabinti waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi darasani. Ulikuwa uamuzi mwema, na naamini viwanja vya michezo vilipaswa kuufuata siku ileile. Kama darasa linampokea, timu inamkatalia nini?

Juu ya vifaa, tusijifiche nyuma ya umaskini. Kinyoya cha manyoya halisi ni ghali na kinachakaa upesi, hilo ni kweli, lakini kipo cha plastiki kinachodumu na kinafaa kabisa kwa shule. Upepo wa kusi unasumbua ufukweni, hilo nalo ni kweli. Lakini tangu mwaka 2019 shirikisho la dunia limeleta aina ya mchezo huu inayochezwa nje, kwenye mchanga au majani, na kinyoya chake kimetengenezwa kistahimili upepo wa wastani. Na asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, uwanja wa shule unatosha. Wavu sitasema habari zake kwa wavuvi wa Saadani, watu wanaofuma na kushona nyavu tangu enzi za mababu.

Mwalimu wa michezo unayenisikiliza, chagua mabinti wawili muhula huu, wape majina yao kama jozi, na usiwatenganishe. Mmoja akikosekana, nenda nyumbani kwao ukaulize. Ninyi viongozi wa kijiji na halmashauri, mnapopanga shule za kidato cha kwanza, wasikilizeni walimu hao. Nanyi kina mama na kina baba, saa kumi jioni, siku mbili tu kwa wiki, mwacheni binti aende uwanjani, na ndoo ya maji ichukuliwe na kaka yake.